Vivumishi kwa Ajili ya Mjomba

Kwenye birika langu la umeme mpaka leo kuna kipande cha plasta nyeupe ya hospitali kilichoandikwa kwa wino wa buluu: "lukewarm". Maana yake ni vuguvugu. Birika lenyewe halistahili jina hilo, kwa sababu linachemsha maji vizuri tu, lakini sijakibandua. Aliyekibandika ni kijana mmoja wa Kihispania, katika miezi ile aliyokuwa akija jikoni kwangu kila Jumanne jioni kujifunza vivumishi vya Kiingereza. Si vivumishi vya shule ya msingi. Alitaka vile vya juu, vya watu waliosoma.

Naishi Schaerbeek, mtaa wa Brussels, ghorofa ya tatu. Ghorofa ya pili, chini yangu kabisa, anaishi mama mmoja wa Lubumbashi ambaye jengo zima linamwita Maman, hata watu waliomzidi umri. Binti yake ni fundi wa maabara katika hospitali kubwa ya Woluwe, na Mhispania ni muuguzi hapo hapo. Walifahamiana kwa sababu ya sampuli za damu. Yeye alizipeleka bila kuandika saa, binti akazirudisha. Akazipeleka tena, binti akazirudisha tena. Baada ya hapo, kwa maelezo ya kijana mwenyewe, hakuwa na namna ila kumpenda.

Mimi ni Mtanzania. Zamani nilikuwa mhariri msaidizi katika gazeti, na kazi yangu kubwa ilikuwa kufupisha habari za wenzangu. Hapa Brussels natafsiri. Maman ananiita Papa Tanzanie, na Kiswahili changu anakiita "Swahili ya radio". Sijawahi kujua kama ni sifa au lawama.

Jioni moja ya vuli kijana akagonga mlango wangu, koti limelowa.

"Tonton," alisema, yaani mjomba, kwa kuwa binti alikuwa amemfundisha kuniita hivyo, "wewe ni Mtanzania."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unajua Kiingereza."

"Kiasi."

"Nahitaji vivumishi."

Nikamuuliza anataka vya namna gani, kama muuza duka. Akasema vyote vizuri. Nikamkaribisha ndani, nikamtengenezea chai, nikamhoji kama nilivyozoea: nani, lini, wapi, kwa nini.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Walitaka kuoana. Baba wa binti alifariki binti akiwa mdogo, na aliyesimama mahali pake ni mjomba wake, kaka wa Maman. Mjomba huyo alizaliwa Lubumbashi, akavuka mpaka akiwa kijana kwenda kufanya kazi Ndola, na kutoka Ndola akahamia Uingereza, ambako yuko hadi sasa. Kifaransa chake cha shule kilishakauka. Baada ya Pasaka angekuja Brussels kumwona mchumba, na binti alikuwa amelisema wazi, bila kupamba: mjomba akikataa, hakuna ndoa.

"Mimi Kifaransa changu ni cha wodini," alisema. "Naweza kumuuliza mtu anaumwa wapi. Yeye hataki Kifaransa. Kihispania hajui. Kimebaki Kiingereza. Na Kiingereza changu kina 'good', na 'very good', na 'very very good'."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikimwambia mjomba wake kwamba mpwa wake ni 'very very good', atafikiri nasifia supu."

Nilikubali. Tulizungumza Kifaransa, yeye kile cha wodini, mimi kile cha kujifunza ukubwani, na Kiingereza kilikaa katikati ya meza kama sahani ambayo kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza kuigusa.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumnyang'anya "very". Gazetini nilikuwa nikiikata kila nilipoiona, na mkono haujasahau. Alilalamika kwamba amebaki uchi.

Jambo la pili niligundua bila kutazamia. Nilidhani maneno makubwa ndiyo yatakayomshinda. Nikampa "magnanimous", akalipokea kama mtu aliyerudishiwa kofia yake, kwa sababu Kihispania kinalo, limevaa tu mkia mwingine. "Benevolent", analo. "Loquacious", analo. Kila neno refu lililowahi kunitoa jasho shuleni Morogoro, yeye alizaliwa nalo nyumbani. Lakini nikimwambia "shy", ananitazama. "Clumsy", ananitazama. "Stingy", anauliza kama ni aina ya samaki. Maneno mafupi ya Kiingereza hayana ndugu huko kwao, na kila moja lilimgonga kama kokoto. Alikuwa mtu anayeweza kusema jirani yake ni "magnanimous" lakini hawezi kusema ni "kind". Fikiria mgeni anayejua kusema "mwadhamu" na hajui kusema "mpole".

Hapo ndipo plasta zilipoanza. Alisema maneno mafupi hayakai kichwani mpaka ayaguse. Akatoa mfukoni gurudumu la plasta ya kufungia vidonda, akaanza kuandika na kubandika. Meza yangu ikawa "sturdy", imara. Kiti cha dirishani kikawa "flimsy", dhaifu, na ni kweli, nilikuwa nimeacha kukikalia. Sufuria ikawa "greasy" mbele yangu, nami nikaiosha nikiwa nimenuna. Birika likawa "lukewarm" kwa sababu tu neno lilikosa pa kukaa. Mpaka Krismasi jiko langu lilionekana kama chumba cha majeruhi.

Katika mambo mengine tulikuwa upande mmoja. Kihispania, kama Kiswahili, hutaja kitu kwanza ndipo kikieleze: meza imara, kiti kibovu. Kiingereza hukuanzishia maelezo kabla hujajua kinachoelezwa. Unasimama mlangoni na mzigo wa sifa, hujui unaupeleka kwa nani. "A table sturdy," alikuwa akisema, nami namsahihisha, huku moyoni nikimwona yuko sahihi. Alitaka pia sifa ifuate wingi wa kitu, meza zikiwa mbili basi na uimara uwe wa mbili. Nilimwambia hata mimi nilichapwa kwa kosa hilo hilo. Siku hiyo aliondoka amefurahi.

Siku nyingine tulifanya mazoezi kwenye tramu. Yeye anaenda kazini, mimi naenda kupeleka kazi, tunakaa nyuma na kunong'ona Kiingereza juu ya abiria. Ulikuwa mchezo wa hatari, na ilikuwa lazima siku moja utuumbue. Mbele yetu alikuwa amelala bwana mmoja mwenye koti lililojikunja, tai imepinda. Mhispania akamtazama kwa muda, akasema polepole, kama anayetoa dawa: "Dishevelled."

Yule bwana hakufungua macho. "Rumpled," alisema, kwa Kiingereza safi kabisa. "'Dishevelled' ni nywele. Nywele zangu nimezichana."

Tulishuka kituo kisicho chetu. Huu ni mji wa wakalimani; kila anayesinzia kwenye tramu anaweza kuwa amesinzia katika lugha sita. Lakini Mhispania hakuona aibu. Aliandika "rumpled" kwenye plasta akaibandika ndani ya mkono wa shati lake, na kwa wiki nzima alitembea amejikunja kwa maandishi.

Mara kwa mara aliniuliza nasi tunasemaje. "Generous"? Mkarimu, nikamwambia. "Honest"? Mkweli. "Thoughtful"? Hapo nikakwama. Nikafikiri, nikasema: mtu ambaye hata kama ana haraka atakuuliza kama umekula.

"Hiyo ni sentensi," alisema.

"Ndiyo neno lenyewe."

"Na 'reliable'?"

"Mtu ukimwagiza, unaweza kwenda kulala."

Akacheka, akasema Waswahili tunawaonea watu wa plasta, sentensi nzima haienei kwenye kipande kimoja. Nilimjibu kwamba vivumishi vyetu ni vichache na tunavitunza. Mtu tukitaka kumsifu, tunaeleza alichofanya. Wakati ule nilisema hivyo ili tu nisionekane nimeshindwa kutafsiri.

Nilimwambia siku moja anieleze mchumba wake. Akakaa wima, akaanza: "Adorable, incomparable, admirable, exquisite."

"Hiyo ni sanamu ya kanisani," nikasema. "Naweza kuiwashia mshumaa. Mimi nakuuliza juu ya mtu anayepanda ngazi hapa kila siku na kufunga mlango kwa mguu."

"Kwa hiyo nimtukane?"

"Niambie kitu alichofanya wiki hii."

Alifikiri, kisha akaanza kucheka peke yake. Maman, alisema, alitaka kukodi ukumbi kwa ajili ya siku ya mjomba. Binti alikataa, mjomba atapokewa nyumbani. Maman akasema sebule haitoshi. Binti akachukua futi ya fundi cherehani, akapima sebule, akapima na upana wa shangazi mmoja aliyekuwepo kama kipimo, akatangaza kwamba wote wataenea. Maman akasema hapana. Binti akaanza kuhamisha kabati. Lilipokwama kwenye korido, akapita juu yake kwenda kazini, na lilikaa hapo mpaka Maman alipokubali.

"Mtu wa namna hiyo unamwitaje?" nikamuuliza.

"Persistent," alisema kwa tahadhari. "Tenacious."

"Kwa Kilatini, ndiyo. Kwa Kiingereza ni 'stubborn', mkaidi."

Hilo lilimtesa. Ulimi wa Kihispania hauingii kwenye neno linaloanza na "st" bila kwanza kubisha hodi, na kila mara lilimtoka "estubborn". Alilirudia mpaka chai ikapoa. Kisha akalibandika kwenye mlango wa balkoni yangu, ambao hukwama mvua ikinyesha, yaani karibu siku zote.

"Lakini hili sitalisema mbele yake," alisema.

"Wala mbele ya mjomba," nikasema.

Baadaye nilipokuwa nikimpigia pasi shati la sherehe, maana muuguzi huyu anajua kufunga kidonda lakini pasi inamshinda, nilijiona kabisa kama mwalimu aliyemaliza kazi yake. Alikuwa na vivumishi vya familia, vya chakula, vya nyumba, vya hali ya hewa na vya safari ya treni. Alikuwa navyo hata vya mazishi, kama ingetokea.

Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi ya kumpokea mjomba, nilikutana na Maman kwenye ngazi. Amebeba mfuko wa sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, na mwingine wa samaki wa barafu, na goti linamsumbua. Nikampokea mizigo.

"Merci, papa. Alors, maneno umeishatengeneza?"

"Maneno gani, Maman?"

"Ya samedi. Maneno ya kusemea mutoto yetu ule muzungu."

Nikasema kijana amejiandaa vizuri kwa Jumamosi, ana maneno mengi, atayasema mwenyewe.

Maman akasimama kwenye ngazi. Akanitazama kama mtu anayesubiri nimalizie utani. Nilipokosa kumalizia, akashika ukuta na kuanza kucheka, kicheko kikashuka mpaka ghorofa ya chini.

"Bwana arusi aseme yeye mwenyewe? Papa Tanzanie, kwenu bwana arusi anasemaka?"

Kwetu bwana harusi hata haendi. Anakwenda mshenga, yeye anabaki nyumbani akiuma kucha. Kwao Lubumbashi anakwenda, lakini anakaa kimya kama mzigo wa thamani, na msemaji wake, ambaye hapa wanamwita porte-parole, ndiye anayejibu kila kitu. Nilijua hayo yote. Nimehudhuria shughuli hizo. Lakini kijana aliponiambia atazungumza na mjomba, mimi nilidhani anamaanisha maongezi ya mezani, na yeye alikuwa anamaanisha hotuba ya posa. Nilimhoji nani na lini na wapi; nini hasa, sikumuuliza.

"Basi porte-parole wake ni nani, Maman?"

"Si weye?"

"Mimi?"

"Donc ule mutoto anapanda kwako kila mardi, tangu mvua ya octobre. Siye bote tulijua munatengeneza maneno. Binti yangu anajua. Papa wa Laeken, ule atasemea famille yetu, anajua. Mjomba iko ndani ya train na anajua ni Papa Tanzanie." Akachukua mfuko wake wa sombe mikononi mwangu. "Na usiseme murefu. Unasikia? Mutoto wa dada yangu, alikuyaga bwana mumoja kumuposa, na porte-parole wake, anasema kama radio, anasema, anasema. Mjomba akatoka kutafuta hewa. Hakurudia mpaka bageni bakaenda. Arusi ikafa."

Akaingia kwake. Nilibaki kwenye ngazi na mfuko wa samaki, mimi mwenye Swahili ya radio, na ndoa ya watu wawili mikononi.

Kijana alikuja kwangu moja kwa moja kutoka zamu. Nilimkalisha kwenye kiti imara.

"Jumamosi," nikasema, "wewe huzungumzi."

"Mwanzoni?"

"Kabisa. Unakaa. Unatazama chini kidogo. Unatabasamu kidogo. Ukiulizwa, hujibu."

"Kama mgonjwa wa nusu kaputi."

"Vizuri. Kama huyo."

"Na nani anazungumza na mjomba?"

"Mimi."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiswahili."

Akazungusha macho jikoni, kwenye meza, kwenye sufuria, kwenye mlango wa balkoni, plasta baada ya plasta.

"Tonton. Mjomba anajua Kiswahili?"

"Amezaliwa Lubumbashi."

"Kwa hiyo Kiingereza kilikuwa cha nini?"

Nikawasha birika.

Alipotulia aliuliza jambo moja tu: kama mjomba huwa anakataa kweli. Nikamsimulia habari ya bwana aliyesema kama redio. Akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama Jumanne zote zile, kama mwanafunzi anayemkagua mwalimu.

"Basi sema kifupi," alisema. "Na usitumie 'very'."

Jumamosi ikafika na mvua nyepesi. Wazazi wa kijana walikuwa wamewasili kutoka mji wao mdogo kusini mwa Hispania, baba na mama wanyamavu waliovaa vizuri, wasiojua lugha nyingine yoyote. Sebule ya Maman ilikuwa imejaa kiasi kwamba magoti ya upande wao yaligusa magoti ya upande wetu. Watu wote walienea, kama binti alivyotangaza, ilimradi asiwepo mtu wa kuvuka miguu. Binti mwenyewe alikuwa chumbani na shangazi zake, mlango umefungwa, kama desturi inavyotaka.

Mjomba alikuwa mtu mfupi, suti ya kijivu, sweta chini yake. Alikaa karibu kabisa na mlango wa kutokea. Niliandika hilo kichwani.

Papa wa Laeken, msemaji wa upande wao, alianza kwa kututania.

"Tunaona bageni benyewe ba kupotea. Hapa haiko airport. Munatafuta nani?"

Nikasema tumeelekezwa hapa na harufu ya sombe. Wakacheka. Nikasema tumeleta kijana ambaye hajalala vizuri tangu alipomwona binti wa nyumba hii. Papa wa Laeken akauliza kama ni ugonjwa, na kama ni ugonjwa mbona ameletwa kwa watu badala ya daktari. Nikasema daktari ndiye aliyetuelekeza. Ilikwenda vizuri. Mhispania alikaa katikati ya wazazi wake, shati limenyooka, macho chini, tabasamu kidogo, kama tulivyokubaliana.

"Bon," akasema Papa wa Laeken. "Muntu yenu ni muntu ya namna gani?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimejiandaa. Nikasimama. Nikasema kijana wetu ni mwaminifu, mkarimu, mnyenyekevu, mwenye staha na busara iliyopevuka. Nilikuwa na vingine nyuma ya hivyo, vizuri zaidi. Lakini nilimwona mjomba akimwinamia jirani yake na kumuuliza kitu, na jirani akaonyesha korido kwa kidole. Alikuwa anauliza makoti yamewekwa wapi.

Nikakata, kama nilivyokuwa nikikata gazetini: katikati ya mstari.

"Wakati wa baridi," nikasema, "Maman goti lilikuwa linamsumbua, akawa hawezi kushusha mifuko ya taka barabarani. Huyu kijana akitoka kwangu Jumanne alikuwa anapitia mlangoni pake, anaichukua, anaishusha. Ule mweupe na ule wa buluu. Hakuniambia. Nilimwona dirishani. Wiki aliyokuwa zamu ya usiku, alikuja kutoka Woluwe kwa ajili ya mifuko tu, akarudi."

Kisha sauti ya Maman ikatoka jikoni.

"Haikuwa ule Mturuki wa chini?"

"Hapana, Maman. Ni huyu."

"Donc ule Mturuki nilimupa sombe ya bure? Hiver muzima, baridi yote?"

Sebule ikavunjika kwa kicheko. Mtu akamkumbusha jinsi Mturuki alivyokuwa akipokea sahani kwa mikono miwili, bila kuuliza, mtu mwenye adabu. Wazazi wa kijana walicheka pia bila kujua chochote. Nikakaa. Nilikuwa nimebakiwa na maneno mengi sana, lakini nilikaa.

Mjomba hakucheka. Alikuwa anamtazama kijana.

"Niko na ulizo moja," alisema. "Na nitauliza kijana mwenyewe."

Papa wa Laeken akainua mkono kutetea desturi. "Tonton, coutume haikubali."

"Coutume nitaiomba pardon kisha." Akamgeukia Mhispania, na kwa Kiingereza chake cha kaskazini mwa Uingereza, kizito na cha polepole, akamuuliza mpwa wake ni mtu wa namna gani. Amjibu kwa neno moja. Halafu akaegemea kiti, akiangalia mlango wa kutokea.

Kijana akanitazama. Nilikuwa nimemwambia asiseme hata akiulizwa. Nikaitikia kwa kichwa.

Nilimwona akipita jiko langu lote usoni pake. Nilimwona akifika kwenye "exquisite" na kusimama, na mimi nikashika goti langu. Mama yake alimgusa mkono. Nyuma ya mlango wa chumbani shangazi walikuwa wamesogea kusikiliza.

"Estubborn," alisema.

Kisha, kwa sauti ndogo, akiniomba radhi kwa macho: "Very."

Waliojua Kiingereza walivuta pumzi. Wasiojua waliwatazama waliojua. Mlango wa chumbani ukagongwa kutoka ndani.

"Amesema nini?" ilikuwa sauti ya binti.

"Anasema uko kichwa nguvu," akajibu Papa wa Laeken.

"Mi? Mi siko kichwa nguvu. Fungueni mulango." Kitasa kikatikiswa. Tulisikia shangazi wakimwambia bado, desturi, atulie, na yeye akisema hatulii mpaka mtu amweleze. "Tantine, toka hapo. Nimesema toka. Mi siko kichwa nguvu hata kidogo."

Mjomba alikuwa ameanza kutikisika mabega. Alitoa leso, akafuta macho, akamtazama dada yake aliyesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, naye Maman alikuwa anatazama dari.

"Anamujua," alisema mjomba.

Akavua koti la suti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, na tukajua kwamba hatatoka kutafuta hewa.

Mambo mengine ya desturi yalifuata, na yalichukua muda wake, lakini jambo lenyewe lilikuwa limeshakwisha. Binti alitoka chumbani amependeza na amekasirika, akakaa karibu na mchumba wake bila kumtazama, kisha akamtazama. Bukari, ugali wa kwao, ikaletwa, na sombe, na samaki. Mama wa kijana na Maman walikula bega kwa bega, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kwa kidole sehemu nzuri ya samaki.

Na kwa kuwa mezani desturi haimfungi tena mtu mdomo, Mhispania akafunguka. Alimgeukia mjomba akaanza. Samaki alikuwa "sumptuous". Sombe ilikuwa "delectable", na nyumba "hospitable", na mvua ya Brussels "dismal" lakini leo "auspicious". Safari ya treni ya mjomba, alitumaini, haikuwa "arduous". Alikuwa ameyabeba tangu vuli na sasa aliyateremsha moja baada ya jingine, bila kosa, kila kivumishi mbele ya jina lake. Mjomba alimsikiliza kwa heshima, tonge mkononi. Kisha akanigeukia.

"Papa Tanzanie," alisema, "mwambie ale. Samaki iko napola."